Sampuli ya DNA Kabla ya Hatia

Mpwa wangu alinaswa katika msako wa usiku hapa Nairobi, akavuliwa mkanda na kamba za viatu kwenye kaunta, akalala seli, na asubuhi akaachiliwa bila kushtakiwa. Tangu hapo, kila ninaposikia hoja ya kutunga sheria ya kuwatoa sampuli za DNA watu wote wanaokamatwa, ninaiona mikono yake ikihangaika kufunga viatu.

Kifungu cha 122A cha Sheria ya Adhabu tayari kinamruhusu afisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi kuagiza kwa maandishi kwamba mshukiwa wa kosa zito atolewe sampuli, mradi kuna sababu za kuamini kuwa huenda ikasaidia kuthibitisha au kukanusha kosa hilo. Hilo silipingi, waathiriwa wa ubakaji wanastahili ushahidi usioyumba. Ninachokipinga ni kumchukua mate ya kupimia DNA kila aliyekamatwa, kwa sababu DNA, tofauti na alama za vidole, hufichua pia wazazi na ndugu ambao hawajawahi kukanyaga kituo cha polisi.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jambo hilo kwa waliokamatwa kwa makosa mazito, kwa kura 5 dhidi ya 4. Kwetu, Januari 2020, Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa DNA katika Huduma Namba, mpango wa serikali wa kuwasajili watu kitaifa, ikitetea faragha inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba. Bunge likitunga sheria mpya, basi iamuru kwamba sampuli ya asiyetiwa hatiani iteketezwe, pamoja na rekodi yake, bila yeye kulazimika kuomba.