Picha ya kichwa kabla ya waya za meno
Wazazi wanaoleta watoto kupigwa picha ya eksirei ya kichwa kabla ya kufungwa waya za meno hapa Dodoma siku hizi wanakuja wameshaamua, "kaka nipigie ile inayozunguka kichwa (CBCT, ya pande tatu), hii ya pembeni, ya ubavu wa kichwa, si ya kizamani?" Ya kizamani kweli, madaktari wa meno Broadbent kule Marekani na Hofrath Ujerumani waliileta 1931, ila mi mpiga picha bado naitetea.

Shida yake inajulikana na inahesabika. Mashine inayotoa mionzi inakaa kama sentimita 152 kutoka katikati ya kichwa, sasa filamu ikiwa sentimita 15 upande wa pili mionzi inakuwa imeshatanuka, kila kitu kinatoka kikubwa kwa karibu asilimia 10, yani taya ya milimita 70 inasomeka 77. Ndo maana pale mbele ya paji la uso kuna karula kadogo ka chuma, kanatoka kwenye picha na ndo unakotumia kurekebisha vipimo, halafu kuna watu wanakakata eti kanaharibu picha, jamani! Pembe hazisumbui hivyo, ANB, ile pembe ya kuona taya ya juu na ya chini zimeachana kiasi gani, ikiwa digrii 4 inabaki 4 hata picha ikuzwe vipi.

Balaa ni kichwa kikigeuka. Vile vijiti vya masikioni vinamkera mtoto, anapindisha shingo kidogo tu, unapata taya mbili za chini zimepishana hujui ufuate mstari upi.

Na bado hujafika kwenye kosa kubwa, la anayeweka nukta za kupimia juu ya picha. Sela, kishimo cha chini ya ubongo, iko wazi, wengi wataiweka palepale, lakini porioni (juu ya tundu la sikio) na gonioni (kona ya taya ya chini) mpe daktari huyohuyo picha hiyohiyo asubuhi na jioni uone kama zitakaa sehemu moja. CBCT inatoa saizi halisi, imeshalinganishwa na mafuvu makavu yaliyopimwa kwa kalipa na inakaribiana nayo sana tu, ila nukta anaweka mtu yuleyule na mionzi ni mingi zaidi. Kama jino limekwama ndani ya mfupa au uso umepinda, sawa, piga. Mtoto meno yamepandana tu, ya nini?

Tena hata nukta zikikaa vizuri unalinganisha na nini, maana ile SNA, pembe ya taya ya juu, ya digrii 82 aliyoiweka daktari Steiner kama kawaida imetoka kwa Wazungu wa Marekani, na sisi wengi meno ya mbele na midomo vimetokeza kiasili, so mtoto wa Chamwino mzima kabisa anaandikiwa ana kasoro.