Kiko kwenu, acha kikae

Tangu saa nne za usiku nimelala macho wazi, na sasa saa nane inakaribia, kwa hiyo nimewasha taa ya sola ya jikoni nisimsumbue Baba watoto, nikachukua kompyuta ya kitinda mimba wangu niandike jambo lililonikaa kifuani tangu Jumamosi. Wiki hii binti yangu mkubwa amejifungua salama, mtoto wa kike, na chama kimeniandikia kwamba jina langu limepokewa miongoni mwa wanaotaka kuingia mchujo wa kiti cha mwakilishi wadi. Mambo hayo mawili nimeyaombea dua hapa mbele yenu kwa miezi mingi, na yote mawili yamepita bila mimi kuyakalia nikayafurahia, kwa sababu ya maneno manne niliyoambiwa na mama mmoja matangani.

Nilikuwa nimekwenda kuhani, sikwenda kuomba kura, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba tangu niliposhindwa katika mchujo wa 2022 sina tena safari ambayo watu hawaihesabu kuwa ya siasa. Mama huyo alikuwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, amekalia mbuzi, akikuna nazi za wali wa waombolezaji. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwenyekiti." Bado ananiita mwenyekiti, japo muhula wangu wa pili katika bodi ya shule ulikwisha 2024. Nikamuuliza habari za binti yake, ambaye nilimkumbuka kwa sababu siku ya wazazi ya mwaka wake wa mwisho ndiye aliyepewa zawadi ya hisabati.

"Yuko Saudia, mwaka wa tatu huu."

"Mungu amlinde. Anafanya kazi gani?"

"Kazi za nyumbani. Ile haikutaka cheti."

Sikumwelewa upesi. Nikamuuliza, "Cheti chake si alikichukua?"

Akaendelea kukuna nazi yake, wala hakuniangalia kwa ukali, akasema, "Kiko kwenu. Acha kikae." Kisha akainua uso, akatabasamu, akaniambia kwamba kura yake nitaipata na ya mumewe pia, kwa maana mimi ni mtoto wa hapa na nimeteseka na ile shule.

Nimelirudia neno "kwenu" mara nyingi kiasi kwamba sasa linasikika kama neno la lugha nyingine. Angesema "kiko shuleni" ningepata pa kupenyea, kwa kuwa shule ina mwalimu mkuu, ina mhasibu, ina kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake haukuwahi kuwa mkononi mwangu. Alisema "kwenu", na katika "kwenu" ile nilikuwemo mimi na wenzangu kumi na wawili tulioketi kwenye meza ile ndefu: wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa mfadhili wa shule, na wale wengine ambao Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka wawepo. Angenitukana, ningemjibu. Angeninyima kura, ningemwelewa. Alinipa kura na lile jambo akaliacha palepale lilipo, kama mtu anayemwachia jirani sufuria aliyoiazima akakataa kuirudisha, na ndiyo maana silali.

Ukweli wa jambo lenyewe nitauandika, kwa kuwa hapa sijawahi kuuandika. Mwanzoni mwa 2020, mwezi mmoja hivi kabla ya shule zote nchini Kenya kufungwa kwa ajili ya korona, bodi yetu ilikaa kujadili malimbikizo ya karo. Shule yetu ni ya kutwa, na mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari, ambao kwenye karatasi ni shilingi 22,244 kwa mwaka, unatakiwa kuja kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20 kufuata mihula. Mtu yeyote aliyekaa kwenye bodi ya shule anajua kwamba fungu huchelewa, na likija huja pungufu. Walimu watatu tuliowaajiri sisi wenyewe kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu haikuwa imetuletea walikuwa hawajalipwa miezi miwili, mmoja wao akiwa ndiye mwalimu wa fizikia wa pekee tuliyekuwa naye, na mwenye duka aliyetukopesha maharagwe alikuwa amekwisha kutuma mtu mara mbili. Mmoja wetu akapendekeza kwamba waliomaliza kidato cha nne wakiwa na deni la chakula cha mchana wasipewe vyeti vyao vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mpaka walipe. Mwakilishi mmoja wa mfadhili akasema kwamba sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 hairuhusu shule kumzuilia mtahiniwa cheti. Tukanyamaza kidogo. Kisha nikainua mkono, nikaunga mkono pendekezo.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Nilikuwa nikimfikiria mwalimu wa fizikia, ambaye alikuwa amepanga chumba kwa jirani yangu na kila jioni nilimwona akirudi kwa miguu. Lakini yule binti aliyepata zawadi ya hisabati naye nilikuwa namjua, na nyumba yao ya udongo nilikuwa naijua, na nilijua kwamba kwao hapakuwa na mahali ambapo shilingi elfu kumi na moja na mia nne zingetoka. Nilijua yote mawili, nikachagua lile lililokuwa na sauti siku hiyo kwenye kikao. Mwaka uliofuata nikachaguliwa mwenyekiti, na katika miaka mitatu ya uenyekiti wangu sikuwahi kuuliza vyeti vingapi vimo kabatini.

Jumapili nilifungua lile daftari la kijani ambalo mmelisikia sana, lenye vipaumbele vyangu vya kampeni, nikakuta kwamba karibu kila mstari ndani yake unatokana na ile bodi. Nimeandika kwanza uji wa watoto wa chekechea, na maji ya tangi katika kila kituo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti bila utata wowote: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto. Nimeandika pili chuo chetu cha ufundi, ambacho kina cherehani nyingi na hakina mwalimu wa kuzitosha. Wanaonisaidia katika kampeni wamenisihi sana niahidi bweni la wasichana katika shule yetu ya sekondari, kwa hoja kwamba mpinzani wangu ameahidi mabweni mawili, nami nimekataa na nitaendelea kukataa, kwa kuwa shule ya sekondari iko chini ya serikali kuu na mwakilishi wadi anayeahidi bweni anaahidi mali ya mwingine. Tumeona Januari 2025 jinsi Mdhibiti wa Bajeti alivyoziandikia kaunti kwamba hata basari za sekondari si kazi yao mpaka pawepo mkataba na serikali kuu, na jinsi wazazi wa wadi hii walivyobaki na barua za basari mikononi wasijue wampelekee nani. Hicho ndicho kipaumbele changu cha tatu: kwamba basari, maadamu zinatolewa kihalali, zibandikwe ukutani shuleni na kwa chifu, jina, kiasi na tarehe, ili mama asizunguke kwa wapambe kuuliza kama mtoto wake alipata.

Kipaumbele cha tatu ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na Jumapili usiku sikuweza kukisoma. Ningesimamaje kwenye jukwaa nidai kwamba mambo ya watoto wa watu yabandikwe ukutani, wakati mimi niliyaacha kabatini?

Nilimweleza Baba watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Usilitie hilo mdomoni mwa watu, Mama watoto. Watalibeba mpaka uchaguzi wa Agosti 10 mwaka ujao." Anasema kwa kunipenda, na anazijua siasa za hapa, maana 2022 ndiye aliyebeba viti na maturubai mpaka mgongo ukamuuma. Siku mbili nzima nilimfuata, nikanyamaza, nikazunguka na kazi zangu.

Jumatano asubuhi, nikitoka hospitali kumwona mzazi na mjukuu, miguu ilinipeleka shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa aliletwa kwetu mwaka jana, hivyo jambo hili lilimtangulia. Alinikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili, akafungua kabati mwenyewe, akatoa bahasha za kaki zilizofungwa kwa mpira, tukahesabu pamoja juu ya meza yake. Vyeti thelathini na nane. Vya mwisho ni vya juzijuzi, kwa maana ile desturi iliendelea baada yangu kama mambo yanavyoendelea pale ambapo hakuna aliyesema yakome. Cha yule binti nilikipata katika bahasha ya tatu, C ya kuongeza, na hisabati ni A. Nilikishika nikasimama nacho dirishani. Wanafunzi wa gredi ya 10, wale wa kwanza wa mtaala mpya, walikuwa wakienda maabara na madaftari vichwani kwa sababu ya jua, na nilijiuliza ni wangapi kati yao ambao majina yao tayari yamo katika orodha ya wadaiwa.

Nilitarajia kubishana, sikubishana na mtu. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba yeye mwenyewe amekuwa akitafuta namna ya kuvitoa na bodi haijampa kauli, nikampigia mwenyekiti wa sasa papo hapo, tena kwa sauti ambayo baadaye niliombea radhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekubaliana kwamba wenyewe waitwe, waje na vitambulisho, watie sahihi wachukue, na deni libaki deni la kudaiwa kwa njia nyingine. Nilikaa pale na simu yangu mpaka saa kumi, nikipiga namba za zamani ambazo nyingi hazipatikani tena.

Ijumaa walikuja watano. Mmoja ni kijana wa bodaboda ambaye amenibeba pengine mara mia moja kutoka stendi mpaka nyumbani, na hata siku moja hakuniambia. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kukipokea, akakisoma chote, hata maandishi madogo ya chini, akauliza kama anaweza kukipitishia plastiki, mwalimu mkuu akamshauri asifanye hivyo. Akaniuliza, "Mama, kozi ya umeme pale chuoni inaanza lini?" Nikamwambia nitamuulizia, na tangu pale nimekuwa na furaha ya ajabu, ya kunifanya nitake kutembea usiku kucha. Nimeandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya uji na chuo na basari, kwamba katika mkutano wangu wa kwanza nitasema mwenyewe nilivyoinua mkono 2020, na kwamba vyeti vimeanza kutoka. Baba watoto ameusoma mstari huo. Hakusema neno, ila aliniletea chai, na yeye si mtu wa kuleta chai.

Jana jioni nilikwenda kwa yule mama. Alinisikiliza, kisha akanipa namba ya binti yake na kuniambia nizungumze naye mwenyewe, kwa kuwa cheti ni chake. Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu mno, nikaomba msamaha, nikaeleza habari ya sahihi na kwamba anaweza kumwandikia mama yake barua ya idhini, nikamtajia alama zake moja baada ya nyingine. Jibu lilikuja usiku huu saa tano na nusu, fupi, na nyuma yake nilisikia maji ya bomba na vyombo. Alisema ahsante. Alisema alama zake anazikumbuka. Kisha akauliza kama jina lake la kati limeandikwa kwa herufi mbili za "a" mwishoni, kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu wakati wa kusajiliwa mtihani alimwambia mwalimu mara mbili kwamba limekosewa.

Nilikishika cheti kile kwa muda mrefu pale dirishani, na nilichosoma ni alama tu. Jina sikulisoma. Shule imefungwa mpaka Jumatatu, mwalimu mkuu amekwenda kwao Taita, na kama limekosewa itabidi tuanze safari ya Nairobi ya barua na ada za Baraza la Mitihani. Ada hizo nitazilipa mimi, ila siku nitakazompotezea sina namna ya kuzilipa. Nimemjibu kwamba nitamwambia Jumatatu saa mbili asubuhi. Tiki mbili zimeonekana, hajasoma.

Mjukuu naye, tangu jana, macho yana umanjano. Muuguzi alisema ni kawaida kwa watoto wa siku hizi za mwanzo, anyonyeshwe mara kwa mara na arudishwe ukizidi. Jioni nilimtazama kwa taa nikaona kama umeshuka kifuani, mama yake akasema ni taa. Kukicha nitamtazama tena kwenye mwanga wa jua, kabla ya jambo lingine lolote.