Mfalme Asiyefika na Mgonjwa Asiyeonekana: Picha za Kale za Sayansi na Tiba Jijini Paris

Kwenye kingo za mto Seine, wauza vitabu vya mitumba hupanga katika makasha yao ya kijani picha za kale zinazoonyesha hospitali, bustani za mitishamba na kumbi za wanazuoni wa Ufaransa. Ndugu zetu wanaofika Paris kwa mara ya kwanza huzipita wakiwahi mnara wa Eiffel, wala siwalaumu. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi nchi hii ilivyojijengea jina katika sayansi na tiba ningemshauri aanzie hapo, mradi asiamini kila anachokiona.

Mfano mzuri ni picha ya Sébastien Leclerc ya mwaka 1671, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kuwekwa mwanzoni mwa kitabu cha Claude Perrault kuhusu maumbile ya wanyama. Mfalme Louis XIV amesimama katikati akiwa na kofia kichwani, waziri wake Colbert yu karibu naye, na waliowazunguka ni wanazuoni wa Akademia ya Kifalme ya Sayansi, iliyoundwa mwaka 1666. Ukutani kuna viunzi vya mifupa ya wanyama, vyombo vya kupimia vimejaa chumbani, na nje ya dirisha kinaonekana kituo cha kutazamia nyota kikiwa bado kinajengwa. Ziara hiyo ya mfalme inayoonyeshwa pichani haikuwahi kutokea. Mfalme aliitembelea Akademia mwaka 1681 tu, miaka kumi baada ya picha kuchapwa. Tena wanazuoni hao walikutana katika maktaba ya mfalme, kaskazini mwa mto, ilhali kituo kilijengwa upande wa kusini, pembezoni mwa mji wa wakati huo, kwa hiyo hakuna dirisha ambalo lingekisogeza karibu namna ile. Kwa lugha ya leo tungesema ni tangazo la serikali, na tangazo zuri kwelikweli.

Hospitali nazo zilipambwa hivyo hivyo. Katika picha nyingi za Hôtel-Dieu, hospitali kongwe iliyo jirani na kanisa la Notre-Dame, mtazamaji huona kuta ndefu, madaraja na mashua, wagonjwa hawaonekani. Moto mkubwa wa mwaka 1772 ndio uliowafanya wachoraji wageukie madhila ya mahali pale, na mwaka 1788 daktari wa upasuaji Jacques Tenon aliandika bila kuficha kwamba wagonjwa wanne, hata sita, walilazwa katika kitanda kimoja. Mimi huisoma ripoti yake sambamba na picha hizo, kwa sababu picha peke yake humfanya mtu adhani kwamba watu walikwenda pale kupunga upepo.

Inayonigusa zaidi ni ya karne ya 19. Mwaka 1887 André Brouillet alichora kwa rangi darasa la daktari Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva, akifundisha kuhusu histeria, yaani hali ya mgonjwa kushikwa na mishtuko na kujipinda mwili, katika hospitali ya Salpêtrière, na kazi hiyo ikasambaa kwa nakala zilizochapwa. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliyesoma kwa Charcot mwaka 1885 hadi 1886, alitundika moja katika chumba chake cha tiba. Wanaume waliovaa suti nyeusi wanamtazama Blanche Wittmann, mgonjwa aliyelegea mikononi mwa Babinski, daktari msaidizi wa Charcot. Kwa kuwa riziki yangu hapa ni kuhudumia wagonjwa, jicho langu hutangulia kwa muuguzi Marguerite Bottard, aliye pembeni kabisa, mikono ameinyoosha tayari kumdaka mgonjwa akianguka. Halafu huangalia ukuta wa upande wa pili, penye mchoro wa Paul Richer wa mwanamke aliyejipinda mgongo kama upinde, ambao mgonjwa angeweza kuutazama wakati wote wa somo, yaani mfano wa kile alichotarajiwa kukifanya ulikuwa mbele ya macho yake.

Katika nakala ndogo mchoro huo hufifia. Picha yenyewe, yenye upana wa zaidi ya mita nne, imetundikwa katika jengo la chuo kikuu kwenye mtaa wa École-de-Médecine, karibu na makumbusho ya historia ya tiba.