Sampu gadi bapa ya Prado, kutoka Katwe hadi Karamoja

Ingia chini ya Toyota Prado 90 utaona tatizo mwenyewe. Mbele kuna vibati vyembamba vya kiwandani, kisha nyuma yake kila kitu kinaning'inia kivyake: sampu ya injini (bakuli la oili), krosmemba ya gia boksi (chuma cha kukingama kinachoibeba), transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma). Kwenye lami haidhuru. Lakini kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ukishapita Moroto ukashika marram ya kwenda Kotido na Kaabong, ukavuka yale makorongo ya mchanga yanayopata maji wakati wa mvua tu, krosmemba hiyo inageuka jembe. Inachimba, gari linasimama.

Nilichotaka ni sampu gadi, yaani bati la kukinga tumbo la gari, iliyolala bapa, kuanzia chini ya radieta mpaka nyuma ya transfa, gari likipanda jiwe liteleze tu. Karibu kila niliyemuuliza Kampala aliniambia nitafute chuma kinene. Mimi naona unene ni swali la pili. Bati la milimita 6 lenye vichwa vya boliti vilivyochomoza litanasa kwenye jiwe ambalo bati laini la milimita 4 lingelipita. Halafu kuna uzito. Mita mraba moja ya chuma cha milimita 4 ni kilo 31 hivi. Cha milimita 6 ni kilo 47, na mimi nilihitaji zaidi kidogo ya mita moja. Sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia springi za mbele. Alumini ya milimita 6 ingekuwa kilo 16 tu kwa mita, ila ni laini, jiwe huing'ang'ania badala ya kuteleza, na wanaojua kuichomelea vizuri si wengi. Nikachukua chuma cha 4.

Fundi wangu wa Katwe, Kampala, ni mzee wa Kinubi kutoka Bombo, kwa hiyo, kama ilivyo kwa Wanubi wengi, maneno yetu yote ni Kiswahili. Nilipofika na bati juu ya bodaboda (msiulize) hakuligusa. "Kata boksi kwanza, mwanangu. Chuma ni ghali." Tukapata kadibodi ya friji, tukainua gari juu ya stendi, tukakata umbo lote chini ya gari, tukitoboa kila mahali penye nati ya kumwagia oili. Kazi ya kadibodi ilichukua muda kuliko ya chuma, na ndiyo iliyofanya kila kitu kikae.

Tuligawa bati vipande vitatu, kila kimoja mtu mmoja aweze kukishusha peke yake akiwa chali porini. Vinapandana kama mabati ya paa: mwisho wa kipande cha mbele unapita chini ya mwanzo wa kinachofuata, jiwe lisipate ukingo wa kudaka. Kipande cha mbele kilikunjwa kwa mashine ili kiinuke kuelekea bampa. Kati ya bati na sampu tuliacha sentimita 3, kwa sababu injini hucheza kwenye maunti zake za mpira zinazoishikilia na bati nalo hubonyea likipigwa.

Mzee alikataa kata kata kuchomelea chochote kwenye chasisi. Mikono ya kushikia tuliitengeneza kwa engo (chuma cha pembe) ya milimita 40 kwa 40, ikafungwa kwenye matundu ambayo chasisi inayo tayari. Hakuna inayoshika gia boksi. Uzito wa gari likikaa juu ya jiwe unakwenda kwenye chasisi. Na kwa kuwa chasisi hujipinda gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, matundu ya nyuma tuliyafanya marefu kidogo, tukatia wosha za mpira wa tairi.

Kilichotusumbua ni boliti. Tulitumia za M10 zenye kichwa cha koni, zile za alen zenye tundu la pembe sita kichwani, zizame ziwe sawa na bati. Kichwa chake kina kina cha zaidi ya milimita 5, na bati ni 4. Ukilitoboa kwa keekee nene bila kufikiri, kichwa kinachomoza au tundu linabaki na ukingo mwembamba wa kuchanika. Dawa yake: nyuma ya kila tundu mzee alichomelea pete ya chuma cha milimita 6, kisha akachimba koni kupitia vyote viwili. Tundu la alen nilijaza grisi. Bila hivyo tope likikauka ndani, ufunguo hauingii.

Baada ya rangi ya kuzuia kutu nikaenda nayo hadi mbuga ya Kidepo. Bati lina mikwaruzo mirefu iliyonyooka, ndiyo niliyoitaka. Boliti mbili zilikuwa zimelegea baada ya safari ya kwanza, nikazikaza, hazijalegea tena. Tope jeusi la Karamoja ndilo linaloudhi: linajaa juu ya bati na kuwa zito, kwa hiyo nililiongezea matundu mapana ya kulisukumia maji ya bomba. Kiangazi shida ni nyasi. Zikikauka zikajikusanya kati ya bati na ekzosi zinaweza kuwaka, basi kabla ya kupiga kambi nachungulia chini kwa tochi na kuzivuta kwa waya uliopindwa.