Daftari la majina kwanza, ukumbi baadaye

Jioni ya leo nimewaza sana kuhusu watu waliomaliza kidato cha nne pamoja, wakatawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na nje ya nchi, na sasa baada ya miaka 20 wanataka kukutana. Kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku, na kufikia asubuhi watu wanabishana ukumbi gani na sare rangi gani. Hapo ndipo shughuli inapoharibika. Utakodi ukumbi wa watu wangapi, na hata walio hai hujawahesabu?

Kamati iwe ya watu 5 hadi 7. Wakifika 15, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu. Wawemo wa mikondo yote, wa bweni na wa kutwa, na mmoja lazima awe anaishi karibu na shule. Huyo ndiye atakayepeleka barua kwa mkuu wa shule na kuangalia kama maji yanatoka na vyoo vinatumika.

Kazi ya kwanza ya katibu ni daftari. Aandike jina la shuleni, jina la sasa, mkondo, mji, simu, nani amempigia na amejibu nini. Jina la shuleni lisiachwe, maana wasichana wengi leo wanatumia majina ya waume zao, na wapo tuliowajua kwa jina la utani tu. Kila mjumbe apewe majina 15 na wiki mbili, na apige simu, asitegemee ujumbe wa kundini. Marehemu waandikwe pia, lakini baada ya kuthibitisha kwa ndugu. Kumsomea mtu aliye hai kwenye orodha ya marehemu ni jeraha lisilopona.

Halafu pesa. Mweka hazina asiwe mwenyekiti, na michango isikae kwenye laini yake binafsi. Ikichanganyika na pesa ya nyumbani, hata mwaminifu hushindwa kutoa hesabu. Akaunti ya kikundi iwe na watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili kati yao.

Kinachogombanisha watu mara nyingi ni majina ya miamala. Mtu anatuma 50,000 kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mkewe, na ujumbe unaoingia kwa mweka hazina una jina lisilomo daftarini. Wiki mbili baadaye anatajwa miongoni mwa ambao hawajatoa, anajitoa kwenye kundi, na kumrudisha ni kazi. Kila anayetuma aandike hapo hapo jina, kiasi na saa, naye ajibiwe siku hiyo hiyo. Na ile orodha ambayo kila mtu anainakili, anaongeza jina lake na kuirudisha kundini ikomeshwe. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la wa kwanza halimo kwenye orodha ya wa pili. Aitume mweka hazina peke yake, kila Jumapili, tarehe ikiwa juu.

Kiwango chenyewe kinahitaji huruma. Laki moja kwa mwenye mshahara inavumilika. Kwa mwenzake anayelima mahindi Mbozi, Januari na Februari ndiyo miezi ya mbolea ya kukuzia. Hatasema hana. Atanyamaza, kisha ataacha kupokea simu. Pangeni kima cha chini kinachotosha chakula na vinywaji tu, kilipwe kidogo kidogo kwa miezi 6, na wenye uwezo wabebe ukumbi na muziki. Anayetaka kumlipia mwenzake aongee na mweka hazina pekee, na jina la aliyelipiwa liandikwe kama mengine yote. Bajeti ifuate pesa iliyokwisha ingia, ahadi zisihesabiwe, na asilimia 10 ibaki akiba.

Kwa watu 80, mchele kilo 12 unatosha pilau. Soda mbili kila mmoja ni kreti 7 za chupa 24, na zinabaki chupa 8. Msisahau kwamba MC, mpiga picha na madereva nao wanakula.

Walimu wastaafu wasialikwe kwa kadi ya kwenye simu. Wajumbe wawili waende nyumbani kwa kila mmoja wiki tatu kabla, waulize anatembeaje, chakula gani amekatazwa na daktari, nani atamsindikiza. Gari la kumchukua na kumrudisha liwe ndani ya bajeti, na kiti chake kiwe na egemeo, mbali na spika. Akishakaa ataanza kuuliza, fulani yuko wapi, na yule aliyekuwa akikaa dirishani je? Anayeketi pembeni yake awe na lile daftari mkononi.