Mimba, malaria na aleji yangu ya salfa

Dawa za salfa zilinikataa tangu nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa mwaka 2003, wakati SP, vidonge vya salfadoksini na pirimethamini vyenye salfa ndani yake, ndiyo dawa kuu ya malaria Tanzania: klorokwini ilishaondolewa mwaka 2001 na dawa mseto (ALu) ilikuwa haijaingia. Nilimeza vidonge, midomo ikavimba, mapajani yakatoka mabaka mekundu ambayo baadaye yaligeuka meusi, ngozi ikababuka. Miaka ikapita, nikapewa Septrin kwa ajili ya kikohozi. Mabaka yakarudi palepale. Daktari akanikataza kabisa dawa yoyote yenye salfa, maana safari nyingine hali ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Katika maisha ya kawaida hilo halikunisumbua. Malaria ina mseto, na antibaotiki nyingine zipo. Kazi inakuja ukibeba mimba, tena ukiwa unaishi Muheza, mkoani Tanga, ambako masika yakianza mbu nao wanaanza. Kliniki, mjamzito anapewa SP kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua, hata kama haumwi. Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asisikie homa yoyote huku damu inamwishia na mtoto tumboni hakui vizuri. Na dawa hiyo huendi nayo nyumbani. Unameza vidonge vitatu pale pale, nesi anakutazama.

Zamu yangu ilipofika, nesi alishanimiminia maji kwenye kikombe.

"Meza hapa nikuone, mama."

"Sista, mimi nina aleji na salfa."

"Aleji kivipi? Unatapika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu wengi wetu kichefuchefu tu tunakiita aleji. Nikamwambia navimba midomo na kubabuka ngozi, nikapandisha kanga nikamwonyesha baka la pajani, ambalo halijafutika hadi leo. Vidonge vikarudi kwenye kopo. Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya kadi: ALEJI SALFA, ASIPEWE SP. Tangu siku hiyo, kila nesi niliyekutana naye nilimtajia dalili kwanza, jina la aleji baadaye, na sikuwahi kubishana na mtu.

Nilidhani kuna dawa mbadala ya kumeza badala ya SP. Daktari akaniambia kwangu kinga ni chandarua na kupima. Chandarua chenye dawa nilikuwa nimepewa kliniki. Nikawa naingia mapema, pindo zote nazichomeka chini ya godoro. Baba watoto akaziba madirisha kwa nyavu. Jioni nilijipaka dawa ya kufukuza mbu miguuni na mikononi, baada ya kuuliza kama inafaa kwa mjamzito. Na joto likipanda hata kidogo, nilikwenda kutobolewa kidole siku hiyo hiyo. Mara moja kipimo kilionyesha malaria, nikatibiwa kwa mseto, ambao hauna salfa, nikapona.

Mama mkwe alikuwa na mpango wake. "Mwanangu, kama vidonge vinakukataa, nitakuchemshia mwarobaini." Kumkatalia usoni sikuthubutu. Nilimwomba anisindikize kliniki, na nesi akamweleza kwa heshima zote kwamba mwarobaini unaweza kuharibu mimba. Njia nzima hakusema neno. Lakini jioni yeye ndiye aliyeanza kunifukuza barazani: ingia ndani, mbu hao!

Duka la dawa ndiko kunakohitaji macho zaidi. Fansidar na Metakelfin ni salfa. Septrin ni salfa, na wengi huikimbilia wakiwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo yanayowapata sana wajawazito. Mimi nilipougua nilipewa sefaleksini. Hata krimu nyeupe ya kupaka vidonda vya moto, silva salfadayazini, imo kwenye kundi hilo. Vidonge vya kuongeza damu, kwa upande mwingine, vilinitia hofu bure: pakiti imeandikwa feras salfeti, nikaviweka kando mpaka nilipomuuliza mfamasia. Salfeti siyo salfa. Nikavimeza hadi mwisho, choo kikawa cheusi kama ilivyo kawaida yake.

Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kuwa kubwa. Wakati wa uchungu presha ilipanda, kichwa kikaniuma, macho yakaona ukungu. Wakaandaa magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba. Nesi kijana akasoma kadi yangu, akasita na sindano mkononi. "Dokta, huyu ana aleji ya salfa." Daktari hakumkemea. Akamwambia hii siyo salfa ile, achome. Ilichoma kwelikweli; joto likanipanda mwili mzima, wakawa wanahesabu pumzi zangu na kugonga magoti kwa kinyundo kidogo. Kifafa hakikuja, na mtoto akatoka analia.

Kabla ya kuruhusiwa nilimwomba daktari aongeze mstari kwenye karatasi zangu: magnesiamu salfeti na feras salfeti anaruhusiwa. Nimepiga picha, nakala ipo kwenye simu yangu, ya mume wangu na ya wifi yangu, kwa sababu mtu aliyezimia hawezi kujieleza, na ujauzito mwingine tumeshaanza kuuzungumzia.