Kabla ya kurekebisha maktaba iliyotelekezwa, tafuta watu watatu

Programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, ikikosa mtunzaji, wanaojitolea kuiokoa hukimbilia msimbo. Mmoja anataka kurekebisha hitilafu, mwingine anataka kuandika upya sehemu nzima. Kwa maoni yangu, hapo ndipo juhudi nyingi huvunjikia. Mara nyingi msimbo haukuwa na shida kubwa. Shida ni kwamba nywila, maamuzi na ujuzi wa kutoa toleo vyote vilikuwa kwa mtu mmoja, naye akachoka au akabadili kazi. Kikundi kipya kikijipanga vilevile, kitaishia palepale.

Katika kuchagua maktaba ya kuokoa, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, umaarufu wake si kipimo. Hesabu programu zinazoitegemea na watu wenye haki ya kutoa toleo, kisha tazama kama kuna ripoti za usalama zisizojibiwa. Maktaba ndogo isiyotoa toleo kwa miaka mitatu huenda imekamilika tu, iacheni.

Kisha mwandikieni mmiliki. Kumuuliza kama mradi umekufa kunamuudhi bure. Ombeni kitu kidogo kinachojibika kwa sentensi moja: watu wawili wapewe haki ya kupanga na kufunga ripoti za hitilafu. Akikaa kimya, zipo taratibu. Debian, mfumo endeshi huria, huruhusu kutangaza nia ya kunusuru kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa), kusubiri siku 21, kisha kupakia toleo jipya kwenye foleni ya kuchelewesha kwa siku zisizopungua 7. PyPI, ghala la vifurushi vya lugha ya Python, hujaribu kumtafuta mmiliki angalau mara 3, na husitisha baada ya wiki 6. Anayeomba umiliki lazima pia aonyeshe maboresho aliyofanya kwenye nakala yake ya msimbo na aeleze kwa nini jina jipya halifai. Kwa hiyo anzeni kazi kwenye nakala yenu mkiwa bado mnasubiri jibu, na msiguse leseni wala majina ya wenye hakimiliki.

Msimshinikize mmiliki, na msikubali kushinikizwa. Katika mradi wa xz, programu ya kubana faili, akaunti zisizojulikana zilimlalamikia mtunzaji aliyekuwa amelemewa, zikimtaka aongeze msaidizi. Msaidizi aliyepatikana alijenga imani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kufungua kompyuta nyingine kwa mbali, kulichelewa takriban nusu sekunde. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa kwenye faili za toleo zilizofungashwa, haikuwamo kwenye hifadhi ya msimbo. Ndiyo maana toleo lifungashwe na mashine moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi, na mtu wa pili alifungashe tena kwake na kulinganisha faili kwa faili kabla halijatangazwa.

Watu wa kwanza kualikwa ni wale ambao viraka vyao, yaani marekebisho ya msimbo waliyotuma, vinasubiri kwenye foleni; wamekwisha kuusoma msimbo. Ombi la jumla la msaada huleta ahadi nyingi na kazi kidogo. Ombeni saa 2 kwa wiki, kwa wiki 12, kwa kazi iliyotajwa. Mgeni aanze na ripoti: ahakikishe kama hitilafu bado inatokea kwenye toleo la sasa, aulize namba ya toleo na mfumo endeshi, aunganishe zinazofanana. Baadaye akague viraka, kisha aingize msimbo kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi. Haki ya kutoa toleo huja mwisho kabisa, na watatu wanatosha. Wakiwa wawili, mmoja akisafiri mwenzake hana wa kumkagua. Wakiwa kumi, mna akaunti kumi za kulinda.

Andikeni orodha ya kila kitu kinachofunguliwa kwa nywila: hifadhi, akaunti ya kutolea vifurushi, seva ya majaribio, funguo za kutia sahihi, sanduku la barua pepe za usalama na jina la tovuti. Hili la mwisho husahaulika sana. Mwaka 2022 kifurushi cha ctx kwenye PyPI, ambacho hakikuwa kimeguswa kwa miaka mingi, kilitekwa baada ya jina la tovuti la barua pepe ya mmiliki kuisha muda. Mtu alilinunua, akaomba kubadilisha nywila, akapakia toleo la kuiba siri za watumiaji.

Toleo la kwanza la kikundi liwe la kuchosha: viraka vya usalama na majaribio yanayopita, bila kipengele kipya hata kimoja. Anayepanga upya mpangilio wa faili zote mwezi wa kwanza anaharibu viraka vyote vilivyosubiri. Ripoti za zamani msizifunge kwa mkupuo. Waombeni walioziandika wajaribu tena kwenye toleo hilo jipya, mpeni kila mmoja siku 30, ndipo mfunge.

Kila miezi 6 pitieni akaunti. Asiyeonekana aandikiwe, haki zake ziondolewe asipojibu, na jina lake libaki kwenye faili la watunzaji pamoja na waliopita. Akirudi, aanze tena kwenye ripoti kwa wiki chache.